Kwa Nini Diski ya Turbini Hupasuka?
Diski ya turbini ya injini ya ndege hutengenezwa kwa aloi ya nikeli, ambayo hubaki imara kwenye joto kali. Injini ikizunguka, diski hupata mkazo. Ikizimwa, mkazo hupungua. Penye kasoro ndani ya metali, mkazo hulundikana na ufa huanza. Kila safari huurefusha kidogo, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokua haraka.

Mwaka 2016, mjini Chicago, diski ya aina hiyo ilipasuka ndege ikiwa mbioni kuruka. Watu wote 170 walinusurika. Kasoro ilikuwa ndani, isionekane kwa macho. Kasoro za namna hiyo hutafutwa kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti.

Kumbuka: mkazo wa kawaida ukirudiwarudiwa huweza kuvunja metali.