Kusoma masta ya akili bandia huku uko kazini: hesabu masaa mbele ya dola



Tangu ChatGPT itoke mwezi wa 11 mwaka 2022, kuna swali moja ambalo wenzetu waliomaliza lisansi wanaulizaka kila mara: "Niko na kazi, niko na familia. Naweza kusoma masta ya akili bandia mangaribi na siku ya posho?" Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Lakini wengi wanaanza kwa kuhesabu dola. Mimi naona hesabu ya kwanza ni ya masaa, ya pili ni ya matematiki. Dola zinakuja nyuma.

Tuchukue mfano wa kweli. Chuo kikuu cha Georgia Tech, kule Atlanta, Marekani, kilianza mwezi wa kwanza mwaka 2014 kufundisha masta yake ya informatiki kwa intaneti. Ni masomo 10, krediti 30, na uko na miaka 6 ya kuyamaliza. Yote inafika karibu dola 7,000, bei ndogo sana kwa chuo kama kile. Ndani yake unaweza kuchagua mwelekeo wa kufundisha mashini ao wa akili bandia, lakini ujue kwamba diploma inaandikwa informatiki. Kama unataka jina lenyewe la akili bandia, Chuo Kikuu cha Texas cha Austin kilianza kuifundisha kwa intaneti mwaka 2024: masomo 10 pia, karibu dola 10,000. Programu zote mbili zilitengenezwa kwa mtu mwenye kazi. Na unalipa kwa kila somo unalochukua, hapana franga yote mara moja. Kwa Georgia Tech, somo moja ni karibu dola 700. Watu wawili watatu wenye likelemba nzuri wanaweza kupanga zamu zao zifuate semesta.

Sasa masaa. Kwa somo moja, weka masaa 10 mpaka 20 kwa juma. Tuchukue 15. Semesta ya kawaida iko na majuma karibu 16: ni masaa 240 kwa somo moja, masaa 2,400 kwa masta nzima. Georgia Tech wanafundisha semesta tatu kwa mwaka, pamoja na ile fupi ya kiangazi. Ukichukua somo moja kila semesta, utamaliza kwa miaka mitatu na kidogo. Kamata karatasi, andika juma lako vile liko kweli, hapana vile unatamani liwe: kazi, barabara, sala, watoto, matanga, vikao vya ndoa. (Kwetu mwenye diploma njo anaitwaka wa kwanza kwenye kila kikao cha familia.) Kama masaa 15 hayapatikani kwenye karatasi, hayatapatikana kwenye maisha. Na kuna kanuni moja ya kuangalia mapema: ndani ya miezi 12 ya kwanza, lazima upite masomo mawili ya msingi na alama B ao zaidi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza hauko mwaka wa kujaribu pole pole. Usiuanze mwaka ule ule unajenga nyumba ao unaoa.

Saa za kutuma kazi nazo zina mambo yake. Masomo mengi yanafuata saa ya pale duniani ambako siku inachelewa kuisha kupita pengine pote. Kazi inayopaswa kutumwa siku ya Mungu usiku, kwa mtu wa Lubumbashi ao Bukavu inaisha siku ya kwanza saa nane ya mchana. Ni zawadi, lakini saa hiyo uko kwenye meza ya kazi na bosi anakuangalia.

Tuje kwenye matematiki, maana ni pale watu wanaangukia. Watu wanadhani kusoma akili bandia ni kujifunza kuongea vizuri na mashini. Hapana. Tuseme unataka mashini itambue ugonjwa wa mozaiki kwenye majani ya muhogo. Unaipa picha maelfu, kila picha na jina lake: jani hili zima, jani hili gonjwa. Ndani ya mashini kuna namba nyingi, wanaziita uzito, mara nyingine mamilioni. Mwanzo inakisia ovyo tu. Kosa lake linapimwa kwa namba moja. Halafu kwa kila uzito unauliza: nikiuongeza kidogo, kosa litapanda ao litashuka? Jibu la swali hilo ni derive, ile ile ya sekondari. Unasogeza kila uzito kidogo upande wa kushusha kosa, unapima tena, unasogeza tena. Ni kama mtu anayeshuka Kahuzi usiku bila toshi: hauoni bonde, lakini mguu unasikia wapi udongo unainama. Ukipiga hatua ndefu sana unaruka upande wa pili wa bonde. Ukipiga fupi sana, kunakucha uko pale pale.

Hiyo hadithi kila mtu anaielewa. Kazi ya masta ni kuiandika: derive za mamilioni ya namba kwa mara moja, zilizopangwa kwa vekta na matrisi, na juu yake hesabu ya bahati, ya kujua kama mashini imeelewa ao imekariri picha tu. Aliyetoka sehemu ya math-fizikia atakumbuka mambo haya kwa miezi miwili. Aliyetoka pedagogia ao komersiale anaweza pia, nimeona wanafanya, lakini ajipe miezi sita mbele ya kulipa chochote. Na asijidanganye kwamba ataisoma njiani.

Kwa kujipima, vitu viko bure. Kitabu cha Deisenroth, Faisal na Ong cha mwaka 2020 juu ya matematiki ya kufundisha mashini kinapatikana kwenye intaneti bila kulipa. Yann LeCun, moja wa waanzilishi wa mitandao hii, alifundisha Collège de France mwaka wa masomo 2015-2016, kwa Kifaransa, na video ziko wazi. Hata video za masomo mengi ya Georgia Tech yenyewe ziko wazi kwa kila mtu. Fuata somo moja mpaka mwisho, na kazi zake, kwa masaa yale yale uliyoandika kwenye karatasi. Ukifika juma la kumi na mbili, unajua. Ukiacha kwenye juma la tatu, unajua pia, na umepoteza mega tu.

Kompyuta? Hapana lazima ununue mashini ya bei kali. Hesabu nzito zinafanyiwa mbali, kwenye mashini za watu. Kaggle wanatoa bure karibu masaa 30 kwa juma ya mashini za nguvu, na unaweza kuiambia ifanye kazi peke yake nyuma: umeme ukikatika kwako, kazi inaendelea kule. Kwenye Colab ya bure, ukifunga ukurasa kazi inakatika kisha muda; basi zoea kuhifadhi uzito kila baada ya hatua fulani. Mtihani ndio shida kubwa zaidi, maana unafanywa mbele ya kamera na intaneti isiyokatika. Kwa kawaida mtihani unafunguliwa siku kadhaa. Fanya siku ya kwanza, pahali penye jenereta, usingoje ya mwisho.

Lugha ya masomo ni Kiingereza, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaombwa mtihani wa lugha mbele ya kuingia. Habari njema ni kwamba mwanafunzi wa mbali anasoma na kuandika kupita anavyoongea. Maswali yanaulizwa kwa maandishi. Mwaka 2016 profesa Ashok Goel aliweka programu iitwayo Jill Watson kati ya wasaidizi wanaojibu wanafunzi wake, na wanafunzi walijua kwamba hakuwa mtu pale semesta inaisha.

Juu ya makaratasi: mwenye gradua ya miaka mitatu ya mfumo wa zamani aandikie chuo kwanza na kuuliza kama wanaikubali, mbele ya kulipa franga ya dosie. Na anayetaka kufundisha kwenye chuo cha kwetu aulize mapema wizara ya elimu ya juu juu ya ekivalansi. Kama uko kijana bila kazi ya kulinda, angalia pia masta ya Kiafrika ya AIMS iliyoanza Kigali mwaka 2018: ni ya kusoma siku nzima, na bursi, kwa hiyo ni njia ingine kabisa.

Kubakia neno juu ya kazi ya kufanya na elimu hii. Mashini zinazosema zinajua Swahili zimekula zaidi maandishi ya pwani. Ziandikie "watoto wanaenda shuleni", zinaelewa. Ziambie kwa sauti "batoto banaenda ku masomo", mara nyingi zinababaika. Swahili ya Kongo iko na namba yake ya kimataifa, swc, lakini maandishi yake ni machache. Translators without Borders walishaweka wazi sentensi zake pamoja na Kifaransa, na Masakhane, kikundi cha watafiti wa lugha za Afrika kilichoanza mwaka 2019, kinapokea watu wapya. Kwenye masomo mengi mradi wa mwisho unauchagua mwenyewe. Mtu anaweza kuanza na sauti za kwao: omba ruhusa kwa wanaosema, rekodi, kisha andika kila neno vile limesemwa, bila kulisahihisha.