Milima Mikavu: Uamuzi Hufanywa Robo ya Njia

Mtu wa Manchira, wilayani Serengeti, hahitaji kufundishwa kwamba korongo kavu linaweza kushusha maji huku jua likiwaka utosini. Mvua imenyesha huko juu, na mkondo umeifuata njia yake. Elimu hiyo ya nyumbani naomba aende nayo atakapotembea kwa miguu katika milima mikavu ya Bonde la Ufa, iwe Longonot na Hell's Gate kule Naivasha, Kenya, au Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, huku kwetu Tanzania. Wengi huipima safari kwa kilomita. Ipimwe kwa maji.

Tuanze na Longonot, volkano yenye kilele cha mita 2,776. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo wote ni 7.2, kisha unateremka kwa njia uliyopandia. Jumla kilomita 13.4, na huko juu hakuna maji. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hapa inatoa karibu saa nne, bila kupumzika na bila kuhesabu vumbi linaloteleza kwenye miteremko mikali. Weka tano au sita. Katika joto, mtembeaji huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kwa hiyo lita nne kwa kila mtu si nyingi. Ndiyo, ni kilo nne mgongoni. Zibebwe.

Njia ya mzunguko ina hatari ambayo njia ya kwenda na kurudi haina. Ukifika nusu yake, kurudi nyuma na kuendelea mbele ni umbali uleule, kwa hiyo aliyeishiwa maji hapo hana njia ya mkato. Uamuzi lazima ufanywe mapema, robo ya njia, wakati kurudi bado ni rahisi. Longonot imetupa alama nzuri: unapoukanyaga ukingo wa kreta umemaliza karibu robo ya safari. Simama, fungua begi, tazama chupa za kila mmoja. Aliyekwisha kunywa zaidi ya theluthi moja ya maji yake aitazame kreta, apumzike, ashuke. Kundi lisimwache ashuke peke yake.

Kubana maji kwa kutokunywa hakusaidii, kwa sababu jasho halingoji ruhusa. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako hushusha chumvi ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Karanga zenye chumvi au pakiti ya ORS husaidia, lakini kinga kuu ni kutokunywa kupita kiasi.

Sasa korongo. Ol Njorowa, ndani ya Hell's Gate, lilichongwa na maji yaliyotoka Ziwa Naivasha enzi ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko sasa. Kuta zake zimebanana sana. Udongo wa huko ukikaushwa na jua haunywi mvua ya ghafla; maji huteremka yote kwa pamoja, na yakiingia mahali pembamba hayana pa kutanukia ila juu. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa humo. Septemba 2019 mafuriko yaliua watu saba tena, akiwemo mwongozaji wa hapohapo. Aprili ni masika, lakini Septemba watu wengi wanaihesabu kuwa kiangazi. Kalenda pekee haimlindi mtu.

Kabla ya kuingia, tazama anga upande yanakotokea maji, si juu yako tu, na umwulize mwongozaji mahali pa kutokea. Ukiona vijiti na nyasi kavu vimekwama ukutani juu ya kichwa chako, huo ndio urefu mafuriko yaliyopita yaliyoufikia. Kijito kikibadilika rangi, kikianza kubeba majani, au ukisikia mngurumo, panda pembeni mara moja. Usikimbie kufuata mkondo. Maji yatakushinda mbio.

Kwa watakaotoka Serengeti kupitia Klein's Gate na Loliondo hadi Engare Sero, jueni kwamba kando ya Ziwa Natron mko kwenye mita 600 hivi tu juu ya bahari. Ukiteremka hadi hapo kutoka ukingo wa kreta ya Empakaai, huko Ngorongoro, karibu mita 3,000, joto huongezeka kwa nyuzi kama 15. Pia kuna suala la floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Tanzania. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Bebeni maji ya kutosha kutoka mjini, na mkiishiwa, waulizeni wenyeji ni chemchemi ipi wanayowatekea watoto wao.