Bakteria Walao Mafuta katika Udongo wa Chumvi

Neno "kijidudu" likitajwa, fikira za msikiaji huelekea kwenye maradhi. Lakini wako bakteria wa udongo ambao chakula chao ni mafuta ghafi, na baadhi yao huifanya kazi hiyo hata penye chumvi nyingi.

Mfano ulio wazi ni jangwa la Kuwait. Mwaka 1991 majeshi ya Iraki, yalipokuwa yakiondoka, yalitia moto visima zaidi ya 600. Mafuta yaliyobubujika bila kuungua yalifanya maziwa juu ya mchanga, na katika kuzima moto yalitumiwa maji ya bahari, yaliyoletwa kwa mabomba ya mafuta yenyewe. Hivyo udongo ukapatwa na madhara mawili pamoja: mafuta na chumvi.

Chumvi huyavuta maji kutoka mwilini mwa bakteria; ndiyo sababu samaki aliyetiwa chumvi haozi upesi. Ingetazamiwa basi kwamba mafuta nayo yangedumu humo daima. Lakini bakteria waliozoea chumvi hujaza miili yao viyeyuko visivyowadhuru, kama ektoini, navyo huyazuia maji yasitoke. Mmoja wao alielezwa na wataalamu mwaka 1992, akaitwa Marinobacter hydrocarbonoclasticus. Sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni "mvunja hidrokaboni".

Kuvunja huko huenda kwa hatua. Kimeng'enya huitia oksijeni kwenye ncha ya mnyororo wa kaboni, ukawa alkoholi, kisha asidi ya mafuta; asidi hiyo hukatwa kaboni mbili mbili, hata mwisho ikabaki hewa ya kaboni na maji. Minyororo myepesi hutangulia. Hidrokaboni zenye umbo la pete hukawia. Vitu vizito vya namna ya lami husalia muda mrefu.

Mafuta yana kaboni tele, lakini naitrojeni na fosforasi ni haba. Kwa hiyo udongo hutiwa mbolea, hunyweshwa maji na kupinduliwa ili upate hewa. Hata hivyo mbolea nayo ni chumvi: ikizidi, humwumiza yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Na maji baridi ya kuoshea chumvi ni adimu jangwani. Basi tiba ya udongo wa namna hii ni kipimo, wala si wingi.