Rubani wa ndege binafsi: masaa angani ndiyo yanapandisha cheo

Vijana wa Goma, Bukavu na Bunia wanaoota kuendesha ndege za matajiri wajue jambo moja: katika kazi hii diploma haitoshi. Kinachohesabiwa ni masaa angani.

Kanuni za ICAO zinadai masaa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara, ao 150 kwa aliyesomea kwenye chuo kilichokubaliwa. Leseni ya juu, ile ya kapiteni wa ndege kubwa za abiria, inadai 1.500.

Katikati hapo, wengi wanaanza kama rubani msaidizi kwenye ndege binafsi. Mshahara wa mwanzo ni mdogo. Unapanda kufuatana na ukubwa wa ndege.

Lakini tajiri akiuza ndege, kazi imekwisha. Tena, mwajiri akilipia mafunzo ya ndege yake, rubani anayeondoka mapema mara nyingi anadaiwa pesa hizo.

Basi kabla ya kutia sahihi, uliza: mkataba unanifunga miaka mingapi? Na nikikataa kuruka kwa sababu ya mvua kubwa, nitabaki na kazi?