Majimaji ya mwanamke faraghani: Je, ni mkojo?

Wapo wanawake ambao wafikiapo kilele cha tendo la ndoa hutokwa na majimaji yanayolowesha shuka. Wengi hudhani wamejikojolea, wakanyamaza kwa aibu. Wengine wasiotokwa na chochote hulaumiwa na waume zao kwamba wana kasoro. Wote huumia bure, kwani hakuna ugonjwa hapo.

Mjadala huu ni mkongwe. Mnamo 1672, tabibu Mholanzi Reinier de Graaf aliandika kuhusu tezi zinazozunguka njia ya mkojo ya mwanamke. Mwaka 1880, Alexander Skene, daktari wa Brooklyn, Marekani, alieleza vijitundu viwili vya tezi hizo, nazo zikapewa jina lake. Tezi hizo hutoa PSA, protini ile ile ambayo madaktari huipima kwa wanaume wanapochunguza saratani ya tezi kibofu. Ndiyo maana wataalamu huziita tezi kibofu ya mwanamke. Jina la ajabu kidogo kwetu tuliozoea kusema 'tezi dume'.

Ubishi mwingi umetokana na kuchanganya vitu viwili. Kipo kiowevu cheupe, kizito na kichache mno, kitokacho kwenye tezi za Skene. Yapo pia maji mepesi na mengi. Tezi ndogo kiasi kile haziwezi kuhifadhi maji ya kujaza kikombe. Yanatoka wapi basi?

Utafiti wa Samuel Salama na wenzake nchini Ufaransa, uliochapishwa mwishoni mwa 2014, ulishirikisha wanawake saba. Walikojoa kwanza, na picha zikathibitisha kuwa kibofu ki tupu. Waliposisimka kibofu kikajaa tena, na baada ya maji kutoka kikawa tupu. Maji hayo yalifanana na mkojo, ila kwa watano yalikuwa na chembe za PSA.

Basi mkojo umo. Lakini je, hilo ni aibu? Nchini Rwanda, ambako maji hayo husifiwa, mbinu ya kuyaleta huitwa kunyaza, jina linalotokana na kitenzi cha kukojoa. Hawaoni haya.

Hata hivyo, mwanamke anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua mzigo, au anayehisi mwasho na maumivu akikojoa, amwone daktari. Hilo ni jambo jingine, na lina tiba.