Kuuzunguka Mlima wa Kinder Scout kwa Siku Moja

Watu wengi wa kwetu waendao Uingereza kusoma au kufanya kazi hukaa mijini. Huijua njia ya kazini, ya sokoni, ya kanisani au msikitini, na miaka hupita wasijue kwamba karibu na makao yao kuna nyika pana ya vilima, isiyo na miti wala nyumba, ambako kila mtu ana ruhusa ya kutembea. Kati ya miji ya Manchester na Sheffield kuna vilima vya Peak District, na kilima kirefu kupita vyote humo ni Kinder Scout, chenye kimo cha futi 2,087, yaani meta 636. Mtu aliyezaliwa Nyeri aweza kucheka akisikia kimo hicho, maana mji wake wenyewe uko juu zaidi ya mara mbili. Asicheke upesi.

Kinder Scout hauna ncha kama Mlima Kenya. Juu yake ni uwanja mpana wa mboji nyeusi, uliokatwakatwa na mifereji mirefu kupita kimo cha mtu, na mle ndani hakuna mti wala jiwe la kukuonyesha ulikotoka. Waijuao nyika ya juu ya Nyandarua watakumbuka nyasi zile za mafungu mafungu, na ukungu ushukao ghafula mchana. Tofauti ni kwamba Nyandarua mtu huchelea nyati na tembo, bali huku hakuna mnyama wa kumdhuru. Adui ni baridi, maji, na giza.

Ruhusa ya kutembea huko haikupatikana bure. Zamani kilima hiki kilikuwa mali ya matajiri, na Duke wa Devonshire alikuwa mmoja wao. Nyika ilifungwa ili wenyewe wawinde ndege wafananao na kwale, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza wapitao. Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, watu wapatao 400, wengi wao vijana wa viwandani, walianza safari karibu na kijiji cha Hayfield, wakapanda kilimani bila idhini, na kijana mmoja aitwaye Benny Rothman akiwa miongoni mwa viongozi wao. Walipambana na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela, kifungo cha miezi miwili hata sita. Mwaka 1951 vilima hivyo vikafanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea katika nyika za namna hiyo, hata nje ya njia. Mwaka 2002 Duke wa wakati ule, mjukuu wa yule wa 1932, aliomba radhi mbele ya watu. Lakini sheria hutoa haki tu, haiwezi kumwonyesha mtu njia katika ukungu. Kazi hiyo ni ya msafiri mwenyewe, na hufanywa nyumbani, mezani, kabla ya siku ya safari.

Jambo la kwanza la kuhesabu ni mwanga, na hapa mtu wa Kenya ana upungufu, maana kwetu jua hutoka na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, wala hatuna desturi ya kulipigia hesabu. Mwezi wa Juni huko Kinder jua hutua karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Desemba hutoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na hutua saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Isitoshe, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jua lililotua Jumamosi karibu saa kumi na mbili kasoro robo hutua siku ya pili saa kumi na moja kasoro robo. Wengi wamekutwa na giza kwa kuisahau Jumapili hiyo moja.

Jambo la pili ni mwendo. Mwaka 1892 Mskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo ingali ikitumika: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Mzunguko tunaousema ni wa maili zipatazo 9, na kupanda kwake ni futi zipatazo 1,600. Kwa kanuni hiyo ni saa nne kasoro kidogo. Lakini Naismith hakuhesabu matope, wala chakula, wala rafiki mwenye viatu vinavyomchuna. Weka saa sita.

Njia yenyewe huanzia Bowden Bridge, juu kidogo ya Hayfield, kwenye machimbo ya mawe walipokutana wale wa 1932. Hupita kando ya bwawa la maji, ikaingia katika bonde jembamba la William Clough, ambako msafiri huvuka na kurudia kijito kile kile mara nyingi juu ya mawe yenye utelezi. Mwisho wa bonde ni Ashop Head. Hapo hupanda kwa ghafula hadi ukingo wa uwanja wa juu, akaufuata mpaka maporomoko ya Kinder Downfall, yenye urefu wa futi zipatazo 100. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu huyarudisha maji juu, hata kwa mbali yakaonekana kama moshi. Kutoka hapo ni kwenda kusini mpaka Kinder Low, kisha kushuka hadi Edale Cross, penye msalaba wa mawe wa kale, na kurudi Bowden Bridge.

Wako wapendao kuuzunguka kinyume, ili upepo wa kusini-magharibi uwasukume mgongoni. Mimi sikubaliani nao. Ukienda kama nilivyoeleza, utapata upepo usoni, lakini mawe ya William Clough utayapita asubuhi ukiwa na nguvu, ukipanda. Saa ya mwisho, miguu ikiwa imechoka na mwanga ukipungua, utakuwa katika njia pana ya zamani, ambayo hata kwa tochi huwezi kuipoteza. Tena ukingo utakuwa mkono wako wa kuume tangu unapoufikia mpaka karibu na Kinder Low. Hiyo ni alama njema katika ukungu. Hatari kubwa ni pale Downfall, njia inapopinda kuuvuka mto: aufuataye mto badala ya kuuvuka huingia ndani ya mifereji ya mboji. Na akitoka humo upande usio wake, hushukia bonde la Edale au la Ashop, maili nyingi kutoka mahali alipoanzia, na basi la mwisho limekwisha kwenda.

Kwa hiyo andika saa pamoja na njia. Siku ya Desemba, mtu aliyeanza saa tatu asubuhi na afike Ashop Head saa tano. Ikiwa saa sita hajafika, ageuke pale pale arudi kwa njia aliyopandia, hata kama jua linawaka. Achukue ramani ya karatasi, na dira anayojua kuitumia, maana simu ya mkononi hufa upesi katika baridi. Achukue pia koti la kuzuia mvua, sweta ya sufu ya akiba, chakula kupita mahitaji yake, tochi na filimbi. Mlio wa hatari ni kupuliza mara sita kwa dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Penye simu, piga 999, uombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, wala hawatozi malipo.

Asubuhi ya safari, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia yako, saa utakayoshuka, na saa ambayo akiwa hajakusikia awapigie polisi. Ukifika Bowden Bridge, mpigie kwanza yeye, ndipo ufungue viatu.