Bodi ya motokari moja juu ya shasi ya nyingine

Tazameni motokari ya Land Cruiser iliyosimama kando ya njia. Mwaona milango, vioo, viti na rangi. Hayo yote ni bodi. Sasa inameni, mtazame chini yake. Mtaona vyuma viwili virefu toka mbele mpaka nyuma, vilivyounganishwa kwa vyuma vifupi, kama ngazi iliyolazwa. Ngazi hiyo ni shasi, ndiyo mgongo wa motokari. Injini yakaa juu yake, magurudumu yashikwa nayo, na bodi yafungwa juu yake kwa bolti kubwa. Kati ya bodi na shasi kuna vipande vinene vya mpira, ili mitikiso ya njia isiwaumize watu waliokaa ndani.

Motokari nyingi ndogo za mjini hazina ngazi hiyo. Bodi na mgongo wao ni kitu kimoja. Lakini motokari nyingi za njia mbaya, zile zinazosukumwa na magurudumu yote manne, zinayo. Basi fundi aweza kufungua bolti, kuinua bodi nzima, na kuiweka juu ya shasi ya motokari ya aina nyingine. Katika nchi ya Australia mafundi wengi wamefanya kazi hiyo.

Kwa nini wanajitaabisha hivyo? Australia ni nchi pana sana, na katikati yake ni kukavu. Katika jangwa la Simpson kuna matuta ya mchanga zaidi ya 1000, na msafiri huyapanda moja baada ya moja. Baba mwenye watoto ataka viti vya watu watano. Tena ataka jukwaa nyuma la kubebea maji, mafuta na mahema. Toyota Hilux ya milango minne inavyo vyote viwili. Lakini katika Hilux iliyouzwa huko tangu mwaka 2005, kila gurudumu la mbele lapanda na kushuka peke yake. Katika Nissan Patrol iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997, magurudumu mawili ya mbele yashikwa na ekseli moja nzima, na ya nyuma vivyo hivyo. Gurudumu moja likipanda jiwe, ekseli yalisukuma la pili chini, nalo laendelea kushika udongo. Wapanda miamba wapenda sana jambo hilo. Ndipo wengine wanapotaka bodi ya Hilux juu ya shasi ya Patrol.

Fundi mwema hashiki msumeno kwanza, ashika kipimo. Toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, Hilux hiyo ina milimita 3085. Patrol ya milango mitano ina 2970. Fanyeni hesabu: tofauti ni milimita 115, kupita kidogo upana wa kiganja cha mtu mzima. Je, kiganja kimoja ni kitu gani katika motokari kubwa namna hiyo? Ni kitu kikubwa. Gurudumu la mbele likikaa sawasawa chini ya upinde wake, gurudumu la nyuma litakuwa mbele mno. Hapo mizigo itakaa nyuma mno ya ekseli, sehemu ya mbele itakuwa nyepesi, na usukani hautamtii dereva vema.

Kwa hiyo yampasa fundi kurefusha shasi, na hii ndiyo kazi ya kuogofya kuliko zote. Ataondoa kwanza tangi la mafuta na kufungua nyaya za betri. Ataikaza shasi isipinde hata kidogo. Kisha atakata, ataingiza kipande cha chuma cha unene uleule, na kuchomelea. Afadhali asikate wima, kama mtu akatavyo mkate, bali kwa mshazari, ili nguvu isikusanyike mahali pamoja. Halafu huongeza bamba la chuma la kutia nguvu, lenye ncha zilizochongwa. Chuma kilichochomelewa vibaya hakivunjiki garajini. Huvunjika mbali, siku ya safari, gari likiwa limejaa watu. Namba iliyopigwa kwenye shasi haiguswi kamwe, kwa maana kwa hiyo polisi huijua motokari iliyoibwa.

Sasa bodi yashushwa polepole kwa winchi, na taabu nyingine zaonekana. Vikalio vya bolti havilingani, basi vya zamani vyakatwa na vipya vyatengenezwa. Bodi yahitaji vikalio vyake vyote. Kikikosekana kimoja, vingine vyabeba mzigo usio wao, na karatasi ya chuma yaanza kupasuka. Injini ya Patrol yaweza kugusa ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva. Fimbo ya gia yatokea mahali pasipo na tundu. Chuma kinachozungusha ekseli ya nyuma sasa ni kifupi, nacho lazima kirefushwe na kusawazishwa, la sivyo kitatetemesha gari zima. Motokari zote mbili zina usukani upande wa kuume, kwa kuwa Waaustralia hupita kushoto kwa njia. Walau hapo hakuna kazi ya kuuhamisha. Hata nyaya za umeme zaleta ugomvi: saa za Hilux hazisomi habari za injini ya Nissan mpaka mtu mwenye ujuzi azipatanishe.

Kazi ikiisha, mwenye motokari hawezi kwenda zake barabarani. Kila jimbo la Australia lina ofisi yake ya kuandikisha motokari, na kuna kanuni ya nchi nzima ya kubadilisha motokari, iitwayo VSB 14. Injinia mwenye kibali huja na taa, hulala chini ya gari, na kutazama kila mahali palipochomelewa. Huangalia kama mipira ya breki yafika gurudumu linaposhuka mpaka mwisho. Huendesha gari na kulisimamisha ghafula. Akiridhika, hutia sahihi. Akikataa, gari larudi garajini, na bodi yainuliwa tena.